Shajara ya mradi: slari ya bayogesi kwenye hori la madume, Hai

Mei, masika yakiishia

Zizi letu liko tambarare ya wilaya ya Hai, chini ya mji wa Boma Ng'ombe, upande ambao Mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri lakini mvua yake haifiki. Kazi ni kunenepesha. Tunanunua madume wa asili mnadani Weruweru, wengi wao wametoka Simanjiro mifupa ya nyonga imechomoza, tunawafungia kama miezi mitatu wakila horini, kisha tunawauzia wenye bucha wa Moshi na Arusha. Tuko watatu: mimi, shemeji mwenye shamba, na dada yangu aliyeolewa naye. Dada ndiye anayeshika daftari la hesabu, na kwa hiyo ndiye mwenye neno la mwisho.

Nyuma ya zizi kuna mtambo wa bayogesi wa kuba, mita za ujazo 30, wa aina ile ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, imeisambaza sana mikoa ya kaskazini. Dume wa kilo 250 hutoa kinyesi kibichi kilo kumi na kitu kwa siku. Zizi likijaa tunapata kilo 200 bila shida, tunazikoroga na maji kiasi hicho hicho, tunamwaga. Gesi inapikia nyumbani na kwenye mgahawa wa dada kando ya barabara kuu. Upande wa pili, kwenye chemba ya kutokea, slari, yaani uji wa kinyesi uliokwisha kutoa gesi, inapanda taratibu na kutoka kwa wingi karibu sawa na ulioingia. Hadi sasa imekuwa ikitiririka kwenye migomba ya jirani, na jirani hajawahi kulalamika.

Wazo la kuirudisha horini ni la shemeji. Pumba na mabua tunayamudu, molasi inatoka TPC, kiwanda cha sukari ambacho si mbali, lakini mashudu ya alizeti ndiyo yanayotafuna faida. Yanatoka Singida na Babati, na alizeti ikiwa adimu kila mwenye lori anajipangia bei. Slari ikifidia hata robo ya mashudu hayo, hesabu ya dada inabadilika.

Nilipomgusia afisa mifugo wa kata alinitazama kwa muda.

"Mnataka kumlisha ng'ombe mavi yake?"

"Yamepitia mtambo, Daktari."

"Mtambo siyo sabuni."

Hata hivyo hakukataa kutusaidia. Tumekubaliana naye mambo mawili: hakuna dume atakayeonja kitu kabla ya vipimo, na hakuna nyama itakayouzwa bila mnunuzi kujua mnyama alikula nini.

Juni, wiki ya kwanza

Nimesoma kila nilichopata. Wazo hili si geni. Miaka ya 1970 shamba la nguruwe la Maya, mkoani Rizal jirani na Manila nchini Ufilipino, lilikuwa na mitambo mikubwa ya bayogesi chini ya mhandisi Felix Maramba. Kile kinachotuama kwenye slari walikikausha na kukichanganya kwenye chakula: karibu asilimia 10 hadi 15 ya chakula cha nguruwe na ng'ombe, na hadi nusu ya chakula cha bata. Huko Israeli, kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Kfar Giladi ilijaribu slari ya mtambo wa joto la juu kama chakula cha ng'ombe. Marekani nao, mafuta yalipopanda bei miaka ile ile, walichunguza sana namna ya kurudisha mabaki ya mitambo kwenye mazizi yao makubwa ya kunenepeshea. Kwa hiyo shemeji hakuota.

Ila nilivyozidi kusoma niliona jambo linalopaswa kuandikwa mapema, kabla hatujaanza kufurahia namba za maabara. Kinachotoka mtamboni kama gesi ni kaboni: nusu hadi theluthi mbili ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksidi. Naitrojeni haitoki nayo. Ukipunguza kaboni na kuacha naitrojeni, kila kilo kavu inayobaki itaonekana ina naitrojeni nyingi kuliko kilo iliyoingia. Maabara inapima naitrojeni, inazidisha kwa 6.25, inaandika "protini ghafi". Namba inapanda. Hakuna aliyeongeza protini yoyote. Kilichopungua ni chakula cha nguvu, ambacho sasa kinachemsha maharage mgahawani kwa dada.

Kuna lingine. Tumbo la kwanza la ng'ombe lenyewe ni mtambo wa bayogesi. Lina vijidudu wa jamii ile ile, halina hewa, lina joto la nyuzi 39, na methani yake hutoka kwa njia ya kubeua. Kilichoshindikana humo kikatoka kama kinyesi, kikaingia kwenye kuba letu lenye nyuzi 25 hivi na kukaa humo miezi miwili na zaidi, kikashindikana tena, kwa nini mara ya tatu kikubali? Nyuzinyuzi za majani zinazobaki zimefungwa na lignini, ile sehemu ngumu ya mmea isiyomeng'enyeka. Nimemwuliza shemeji swali hili. Amesema tupime.

Tupime.

Juni, majibu ya maabara

Tulipeleka slari ya namna tatu: mbichi kwenye chupa iliyofungwa vizuri, iliyokaushwa juani juu ya turubai, na makapi yaliyobaki baada ya kuichuja kwa wavu. Kwa uzito mkavu, protini ghafi ya slari mbichi ilikuwa kama asilimia 15. Iliyokaushwa juani ilishuka hadi 11 hivi. Makapi ya wavuni yalikuwa chini ya 9, karibu sawa na nyasi za kawaida.

Namba tatu hizi zinaeleza karibu kila kitu. Slari ina ualikali kidogo, na sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni amonia. Ukiitandaza juani, amonia inapaa, na mwenye pua anajua. Ukiichuja, amonia inapita na maji, pamoja na chembe laini za miili ya vijidudu, ambazo ndizo protini yenyewe. Wavu unakubakizia lignini. Yaani kile unachoweza kukishika kwa mkono ndicho kibovu zaidi, na kile chenye thamani kinakimbia, kingine angani, kingine mtaroni.

Maya walikuwa wanatuamisha slari na kuvuna hizo chembe laini, siyo makapi. Walisifu pia vitamini B12 iliyomo. Kwa nguruwe na bata sifa hiyo ni ya kweli. Kwa ng'ombe haina maana kubwa, kwa sababu vijidudu vya tumboni humtengenezea B12 mwenyewe ilimradi apate kobalti kwenye madini. Sasa naelewa kwa nini bata walifika nusu ya chakula na ng'ombe wakaishia kwenye asilimia 10 na kidogo.

Majivu: karibu theluthi ya uzito mkavu. Hii ilimshtua dada kuliko sisi. "Theluthi ni mchanga?" Nilichukua konzi ya slari kavu, nikaisugua kati ya vidole: inakwaruza. Nikaimwaga kwenye glasi ya maji na kukoroga. Nyuzi zilielea, tope jeusi likabaki katikati, na chini ya glasi ukatua utepe wa mchanga wa kijivu, unene wa kucha. Mchanga huo unatoka sakafuni. Nusu ya zizi ina zege, nusu ni udongo, na kijana wa zizi akikwangua kwa chepe anachukua vyote. Ng'ombe hanenepi kwa mchanga, na ukizidi unakaa tumboni.

Kuanzia sasa kinyesi cha mtambo kinatoka upande wa zege tu.

Juni, mwisho wa mwezi: mambo ya afya

Daktari amekuja na orodha yake. Nitaandika yaliyo mazito.

Mtambo wa kuba wa nyuzi 25 hupunguza vijidudu vya maradhi, hauviui vyote. Mayai ya minyoo mengi hutuama chini, mengine yanatoka hai. Salmonela inaweza kupita. Ndiyo maana Ulaya mabaki ya wanyama yanayopelekwa mitamboni hupitishwa kwanza kwenye nyuzi 70 kwa saa nzima. Na hata baada ya hapo hawaruhusu: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 ya uuzaji wa vyakula vya mifugo imepiga marufuku kinyesi na mkojo kwenye chakula cha mifugo hata kama kimetibiwa vipi. Mtu anayeota kuuza nyama nje ajue hilo kabla hajanunua turubai.

Pili, dawa. Kila dume anayetoka mnadani tunampa dawa ya minyoo, na sehemu kubwa ya ivermectin hutoka na kinyesi. Anayeumwa akichomwa oksitetrasaiklini, nayo inaacha mabaki. Kwa hiyo kinyesi cha wageni na cha wagonjwa kinakwenda kwenye mboji, hakigusi mtambo wa jaribio.

La tatu ndilo Daktari alilokaa nalo muda mrefu, na mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo: choo. Mitambo mingi ya majumbani huku juu mlimani imeunganishwa na choo cha familia, na kwa gesi na kwa mbolea ya kuchimbia ni jambo zuri. Kwa hori ni hatari tupu. Mtu mwenye tegu wa ng'ombe hutoa mayai chooni, mayai yakivuka mtambo na ng'ombe akayala, yanageuka vifuko vidogo vyeupe ndani ya misuli. Mkaguzi wa nyama akivikuta anakata sehemu hiyo au anatupa mzoga mzima. Asipovikuta, anayekula mishikaki isiyoiva analipeleka tegu nyumbani. Njia yote imefungwa kwenye uwanja mmoja: choo, kuba, hori, jiko. Mtambo wetu hauna choo, na hautakuwa nacho.

Vivyo hivyo kwa mitambo ya machinjio. Ile ya Keekonyokie huko Kiserian, Kenya, inayozalisha gesi kwa taka za machinjio ya Wamaasai, ni kazi ya kupigiwa mfano upande wa nishati. Slari ya namna hiyo ina damu na mabaki ya wanyama. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe wa Uingereza, hakuna daktari wa mifugo mwenye akili atakayekuruhusu uirudishe kwa ng'ombe.

Nimemwona shemeji akiandika pembeni ya karatasi yake: "Kukausha peke yake hakutoshi."

Julai: kuvundika

Njia ya kuua vijidudu bila kuni wala umeme ni uchachu. Huko Alabama, chuo kikuu cha Auburn, mtafiti W. B. Anthony tangu miaka ya 1960 alikuwa akivundika kinyesi kibichi cha mazizi pamoja na nyasi kavu, sehemu 57 kwa 43, na kuwalisha ng'ombe. Mchanganyiko ukichacha vizuri asidi hupanda, na vijidudu vingi vya maradhi havivumilii.

Tumefanya hivyo kwa slari. Kwanza tunaituamisha kwenye beseni la zege hadi maji ya juu yatenguke, tunayamwaga, tunachukua uji mzito wa chini. Tunauchanganya na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na mashine, tunashindilia kwenye mapipa ya plastiki ya lita 200, tunafunika kwa nailoni na kuweka mawe juu. Kazi ni ya kuchosha mgongo. Kijana wa zizi anashindilia kwa miguu akiwa amevaa buti za mvua, na anadai hajawahi kupata kazi ya ajabu kama hii tangu atoke kwao.

Mapipa tumeyapa molasi kwa viwango tofauti makusudi. Hapa ndipo slari ilipoonyesha tabia yake. Kinyesi kibichi bado kina sukari na wanga kidogo wa kuwapa bakteria wa uchachu. Slari haina, mtambo umeshakula. Tena amonia iliyomo inapambana na asidi: kila asidi inapotengenezwa, amonia inaibatilisha. Mapipa ya molasi kidogo yalipofunguliwa yalitoa harufu ya siagi iliyooza, rangi nyeusi, utelezi. Tuliyapeleka kwenye mboji moja kwa moja. Yaliyopata molasi ya kutosha, karibu asilimia 8 ya uzito wote, yalitoka na rangi ya kahawia na harufu chachu isiyochukiza, kama togwa iliyolala. Nimeingiza mkono: vuguvugu kidogo katikati, mabua yamelainika, nyuzi za slari zimeshikamana nayo kiasi kwamba huwezi kuzitenga.

Dada alikuwa amesimama na daftari. "Molasi hiyo anailipia nani?"

Hoja yake ni nzito. Molasi ni chakula kizuri chenyewe. Tunaimwaga kwenye slari ili slari iliwe.

Julai huku kuna baridi. Ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi na jua linatoka kwa kusitasita, ukaushaji wa juani umekwama kabisa. Gesi nayo imepungua, dada amerudisha mkaa kwa chai ya alfajiri.

Agosti: horini

Madume tumewagawa makundi matatu ya uzito unaokaribiana, kila kundi na hori lake. Chakula cha msingi ni kile kile: majani ya mpunga kutoka skimu ya Lower Moshi, mabua, pumba za mahindi, mashudu, molasi, chumvi na madini. Kundi la kwanza halina slari. La pili, slari iliyovundikwa imechukua sehemu ya mashudu na pumba, asilimia 10 ya chakula chote kwa uzito mkavu. La tatu, asilimia 20. Uzito tunaukadiria kwa tepu ya kifua asubuhi kabla ya maji, mtu yule yule akipima kila mara, maana mkono ukibadilika namba nazo zinabadilika.

Siku za mwanzo walisita wote. Kundi la asilimia 10 walizoea ndani ya wiki. Kundi la 20 walijifunza kupepeta. Kuna dume mwekundu mwenye pembe iliyokatika ncha, huyu ni fundi: anasukuma pua chini ya lundo, anapuliza, pumba zinapanda juu, anazilamba pamoja na molasi iliyogandia ukutani mwa hori, kisha anarudi nyuma na kutazama upande mwingine. Ukija jioni unakuta tabaka jeusi la nyuzi limetandazwa sakafuni mwa hori kama mkeka. Wenzake wamemwiga.

Tulijaribu kulowesha ili wasitenganishe. Wakala kidogo kuliko mwanzo.

Septemba

Hali ya kinyesi zizini inasema kabla ya tepu. Kundi la tatu wanatoa kinyesi kingi, kigumu, chenye nyuzi zinazoonekana kwa macho, na matumbo yao yamejaa huku migongo haijafunga. Wameshiba bila kula, ndivyo shemeji alivyosema, na sijapata maelezo bora ya lignini kuliko hayo.

Namba, kwa kukadiria: kundi lisilo na slari linaongeza karibu gramu 700 kwa siku kila mnyama, ambayo kwa ng'ombe wa asili ni nzuri. La asilimia 10 wako nyuma kidogo, kama 650. La asilimia 20 hawafiki 500. Wanyama ni wachache na tepu si mizani, kwa hiyo tofauti kati ya kundi la kwanza na la pili siwezi kuiapia. Ya kundi la tatu naiapia. Tumelisitisha, wamerudishwa chakula cha kawaida.

Hakuna aliyeharisha, hakuna aliyeugua, na vipimo vya kinyesi alivyofanya Daktari havikuonyesha minyoo zaidi kwenye makundi ya slari. Nakiri uvundikaji ulifanya kazi yake.

Septemba, katikati: wenye bucha

Jambo hili sikulitegemea liwe refu. Mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa ni Mwislamu, bucha yake iko Moshi mjini, na tulimweleza kama tulivyoahidi. Alinyamaza, akauliza kama ng'ombe hao wamekuwa jalala. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, jalala ni mnyama anayelishwa najisi kwa wingi hadi ikaathiri nyama au harufu yake, na huchukiza kuliwa mpaka afungiwe na kulishwa kilicho safi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ndiyo wengi pwani na huku kwetu, hutaja siku 40 kwa ngamia, 30 kwa ng'ombe, 7 kwa kondoo na 3 kwa kuku. Shehe aliyemwendea alimwambia kwamba asilimia 10 iliyochanganywa na chakula kingine si wingi, lakini kufungia mwezi mmoja kunaondoa shaka.

Daktari alifurahi kusikia hivyo. Yeye naye alikuwa anataka muda wa mapumziko kabla ya kuchinja, kwa sababu zake za mabaki ya dawa. Tumeandika: mwezi wa mwisho, hori safi kwa wote. Mnunuzi ameridhika, ila ametuomba, "Kaka, msitangaze sana." Namwelewa. Mteja wa nyama choma hataki semina.

Kwa upande wa sheria ya nchi, tunalisha ng'ombe wetu wenyewe. Siku tukifikiria kuuza slari iliyovundikwa kama chakula, tutaingia kwenye Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na safari itakuwa ndefu zaidi. Hatufikirii.

Oktoba: dada afungua daftari

Ameandika gharama za kundi la pili mstari kwa mstari. Mashudu yaliyookolewa upande mmoja. Upande wa pili: molasi ya kuvundikia, nailoni, mafuta ya mashine ya kukatia mabua, malipo ya kijana wa zizi kwa kushindilia, na gramu chache za uzito zinazopungua kila siku. Mizani haikulala upande wowote, kwa maneno mengine tulifanya kazi ngumu ya miezi mitatu ili tubaki pale pale.

Halafu akaongeza mstari mmoja aliouuliza kwa Daktari nyuma ya migongo yetu. Kama tunachotafuta kwenye slari ni naitrojeni, yurea ya dukani ina asilimia 46. Zidisha kwa 6.25 unapata sawa na protini ghafi asilimia 287. Kilo moja ya yurea ina naitrojeni ya kilo 25 na zaidi za slari yetu iliyokaushwa juani. Na yurea ina kazi iliyothibitika kwa ng'ombe: kilo 4 hadi 5 zikiyeyushwa kwenye lita 50 za maji, ukanyunyizia kilo 100 za majani ya mpunga na kuyafunika kabisa kwa wiki tatu, majani yanalainika na ng'ombe anayala zaidi. Hatari ipo, yurea ikilambwa ovyo inaua dume kwa saa chache, lakini hatari hiyo inajulikana na ina kipimo.

Shemeji alibisha kidogo. Alisema yurea inanunuliwa na slari ni ya bure. Dada akamwonyesha mstari wa nailoni.

Mimi nilikuwa nimetazama mtaro.

Oktoba, mwisho

Maji yaliyotenguliwa kwenye beseni la kutuamishia, yale tuliyokuwa tunayamwaga ili tubaki na uji, yamekuwa yakishuka kwenye kipande cha mabingobingo (majani ya tembo) kando ya uzio. Humo ndimo ilimo amonia, pamoja na potasiamu karibu yote. Kipande kile kimekatwa na kuchipua, kikakatwa tena, katika msimu ambao kila kitu kingine hapa ni rangi ya vumbi. Majani yake ni mapana, kijani cheusi. Hatua chache pembeni, mabingobingo yale yale yasiyopata maji hayo yamesimama magotini na ncha zimekauka. Sehemu ya tofauti hiyo ni maji yenyewe, najua; ndiyo maana tumemwagilia mstari mmoja maji matupu ya kisima kwa kiasi hicho hicho. Nao umechipua, ila una rangi ya limau na mashina membamba.

Mabingobingo yakikatwa yakiwa machanga, wiki sita hadi nane, yanaweza kuwa na protini inayokaribia ile ya slari yetu kavu, na yana nguvu ambayo slari haina, kwa kuwa jua limeirudisha. Ng'ombe hahitaji kushawishiwa kwa molasi. Mayai ya tegu na minyoo yana nafasi ndogo zaidi ya kurudi mdomoni, ilimradi slari ipite kwenye mtaro chini ya shina isimwagiwe majani, na kukata kusubiri wiki kadhaa tangu kumwagilia. Hata swali la mwenye bucha linaisha: ng'ombe anakula majani.

Kwa hiyo tumebadilisha mradi. Slari inabaki kuwa chakula cha ng'ombe, ila inapitia ardhini kwanza. Shemeji amesema tungeweza kuokoa miezi mitano kwa kumsikiliza jirani mwenye migomba. Jirani mwenyewe, aliposikia kwamba slari haitamfikia tena, amekuja kuuliza kama tuna ugomvi naye.

Novemba, vuli imeanza

Kazi zilizoko mkononi. Mtaro mkuu wa slari umechimbwa kutoka kwenye chemba ya kutokea hadi juu ya shamba la mabingobingo, na matuta yamefuata mwinuko ili slari itembee yenyewe bila ndoo. Vipandikizi tumechukua kwenye mashina yasiyo na dalili ya udumavu. Ugonjwa huo umeharibu mabingobingo mengi Afrika Mashariki na hatutaki kuuingiza kwa mikono yetu. Jirani amepewa slari ya Jumamosi na Jumapili.

Madume wa kundi la pili wamemaliza mwezi wao wa hori safi na wameuzwa pamoja na wengine. Mwenye bucha hakusema lolote kuhusu nyama, na Jumatatu ametuma kijana kuulizia wengine. Dume mwekundu tumebaki naye, hajafika uzito.

Mapipa mawili yaliyobaki ya slari iliyovundikwa bado yamefungwa. Daktari ameomba achukue sampuli yakifikisha miezi sita, aone kama kuna chochote kinachoota kwenye maabara yake. Mengine tumeyaosha. Wiki ijayo yanapokea majani ya mpunga na yurea, kwa kipimo alichoandika dada kwa kalamu nyekundu juu ya mlango wa stoo, na ufunguo wa stoo anao yeye.

Kipimo kinachofuata cha tepu: baada ya mkato wa kwanza wa mabingobingo mapya.